Sauti Iliyobaki Umeme Ulipokatika

Kama asubuhi ya leo umepewa kikopo chenye kifuniko, ukaambiwa ukohoe, uteme ndani na ukirudishe kesho, basi keti hapa karibu na mimi kidogo. Mi nilikwisha kukibeba kikopo hicho. Nilikificha ndani ya koti kama mtu aliyeiba yai, nikapita nyuma ya soko la Manika ili mama wauza mboga wasinione. Waliniona. Mmoja akaniambia, "Tembea muzuri, mutoto, usimwange ile dawa yako." Alidhani nimebeba dawa. Nikacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikopo kikapata kazi palepale njiani.

Leo nimepona. Nalisema mapema ili usisome kwa hofu. Ila kuna kitu kimoja kilichonipata katikati ya matibabu, na nilikifahamu kwa kuchelewa, kwa sababu ya ile kazi ninayoipenda. Ndicho kinachonifanya niandike.

Nilikuwa kijana wa kutengeneza radio. Shule ya ufundi sikuimaliza, lakini mkono wangu ulikuwa umekwisha kuizoea chuma ya kuchomelea, na kwenye baraza letu watu waliniletea radio zao zilizokuwa zimenyamaza. Hiyo ilikuwa kazi. Mapenzi yalikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya kichumba ambacho tata, baba yangu, alikijenga kwa ajili ya kuku na kuku hawakukitaka. Humo nilikuwa na kituo changu. Nilipewa ruhusa ya serikali kupitia chama kidogo cha shuleni, tata akatia sahihi akiwa amekunja uso. Watu wengi wana radio ya kusikiliza. Yangu ilisema pia.

Haikusema kwa nguvu. Mtambo wangu wa kutuma niliuunda mwenyewe, na nguvu yake haikufika ile ya taa ya baiskeli. Hapo ndipo utamu ulipo. Mwenye mtambo mkubwa anapiga kelele na dunia inalazimika kumsikia. Sisi wa nguvu ndogo tunanong'ona, kisha tunatumaini kwamba mbali huko kuna mtu aliyenyamaza vizuri. Wala hatutumii mdomo. Tunabonyeza kidude, sauti fupi, sauti ndefu, fupi, fupi, ile lugha ya Morse ya watu wa posta na reli. Kichwani nilivaa kaske, yale masikio ya kuvaa yanayobana kama kofia ya mtoto. Antena ilikuwa waya wa mota iliyoungua, ambao tata aliniletea. Sisi wa Kolwezi tunatembea juu ya shaba kila siku, lakini kuipata ya kutundika nyumbani ni mambo mengine.

Rafiki yangu mkubwa hewani alikuwa mzee mmoja wa Kamina, aliyewahi kufanya kazi ya telegrafu kwenye reli. Uso wake sijauona hata leo. Namwita Tata wa Kamina. Karibu kila alasiri tulikutana, na kila alasiri alinichokoza. "Sauti yako ndogo sana leo," alinipigia siku moja. "Uko natumia betri ao moto ya kiberiti?" Nikamjibu kwamba kiberiti kimekwisha, natumia kimulimuli.

Kikohozi kilianza mvua za kwanza ziliponyesha. Mama, ambaye tangu mwanzo hakuupenda ule waya juu ya nyumba, alipata maelezo haraka.

"Ile waya inavutaka kila kitu," alisema. "Inavuta Kamina, inavuta Zambia. Itaacha kuvuta magonjwa juu ya nini?"

"Mama, magonjwa hayapitaki mu waya."

"Na wewe uko fundi ya magonjwa sasa?"

Niliendelea kupungua. Suruali ilihitaji mshipi, kisha mshipi ukahitaji tundu jipya, na tundu hilo nililitoboa kwa chuma yangu ya kuchomelea. Shati niliamka nalo limelowa kama nimelala nje. Siku niliyoona damu kwenye kitambaa, mama aliiona pia, akaacha habari za waya. Alijifunga kitenge na kunipeleka dispensari.

Benchi la dispensari utalijua kuliko kitanda chako. Letu lilikuwa la mbao, limeng'aa kwa makalio ya watu, na mguu mmoja ulikuwa mfupi, hivyo mtu wa mwisho akikohoa wote tunatikisika. Majibu ya kikopo yalipotoka, ilikuwa kifua kikuu. Wakaniandikia sindano kila asubuhi na vidonge juu yake.

Aliyenichoma ni Mama Kapinga, muuguzi mnene mwenye mikono ya moto. Kalio la kulia aliliita la tata, la kushoto la mama. "Leo ni zamu ya nani?" aliuliza. "Ya mama, Mama." "Basi simama muzuri, usimwaibishe." Alikupiga kofi kidogo, ukashtuka, na kabla hujamaliza kushtuka sindano ilikuwa imekwisha kuingia. Kila juma alituuliza maswali yaleyale, kwa sauti ya mtu anayesoma sala: "Macho ni muzuri? Tumbo? Hakuna kitu mu masikio?" Nasi tulijibu kama kanisani: muzuri, Mama, hakuna, Mama.

Nyumbani ilibidi nitengwe. Sahani yangu, kikombe changu, taulo langu. Tata ni fundi wa umeme kwenye karakana ya mgodi, mwana wa mtu aliyeletwa kutoka Kasai kuja kuchimba, na si mtu wa maneno mengi. Akisema, anasema kwa sauti kubwa kama anaongea na mtu aliye juu ya nguzo. Alibeba kitanda changu begani, akaangalia huku na huku, akakiingiza ndani ya kile kichumba cha nyuma. "Utalala hapa," akasema. Dada yangu, aliyekuwa na mtoto mchanga, akawa ananisalimia akiwa upande wa pili wa uwanja, akipunga mkono wa mtoto. Jioni mama aliniwekea bukari, ugali wetu, dirishani, akasimama hatua chache nyuma mpaka nionje. Hapo nililia mara moja, nadhani kwa ajili ya mkono wa yule mtoto.

Lakini ona rehema ndogo. Kati ya vyumba vyote vya dunia, nilifungiwa kile chenye radio. Tena Morse haina mapafu. Nilikohoa mpaka machozi, kisha nikabonyeza, na hewani hakuna aliyekijua kifua changu. Siku nswa, wale kumbikumbi, walipotoka ardhini baada ya mvua, mama aliwakaanga akanipa bakuli zima, na nikampigia Tata wa Kamina kwamba nakula nswa wa moto. Akanijibu kwamba anazima radio kwa hasira.

Sindano zilikuwa zimefika katikati filimbi ilipoanza.

Ilikuwa sauti nyembamba, ya juu, isiyopanda wala kushuka. Niliisikia kwanza nikiwa nimevaa kaske, nyuma ya sauti zote, kama mtu aliyesahau birika jikoni. Mwenye radio anaijua sauti ya namna hiyo. Pengine ni kitu ndani ya mashine kinataka kufa, pengine ni umeme wa jirani unaovuja hewani. Wala sikuogopa. Kusema kweli nilifurahi, maana nilikuwa nimepata kazi.

Nikafungua radio. Nikabadilisha kondensa moja, kisha nyingine. Nikachimbia upya waya wa ardhini na kuumwagilia maji. Nikahamisha antena kutoka upande wa barabara hadi upande wa choo, nikipumzika kila baada ya fundo moja kwa kukosa pumzi. Filimbi ikabaki. Nikajikokota hadi uani kwa jirani yetu, mama mmoja mwenye pasi ya umeme, nikamwomba aizime kidogo.

"Juu ya nini?"

"Iko nalia mu radio yangu, Mama."

Aliizima, akaniangalia. "Imeacha?"

"Bado."

"Basi si yangu," akasema, akaiwasha. "Na wewe, ulianza kunywa? Jana nilikuona unatembea kama muntu ya lutuku."

Kweli nilikuwa nayumba. Ardhi ilikuwa imekuwa laini kama godoro, na nilipogeuza kichwa haraka nyumba ilichelewa kugeuka. Nilidhani ni njaa ya ugonjwa. Lutuku, pombe ile kali ya mitaani, sijawahi kuionja, lakini mtaa mzima ulikuwa umekwisha kunionjesha.

Mwishowe nikamwita tata. Alikuja na bisibisi yake mfukoni, akaangalia waya za nyumba, akaangalia swichi, kisha akavaa kaske. Alikaa muda mrefu, macho juu.

"Siko nasikia kitu," akasema.

"Tata, ni kama birika. Sauti ya juu."

"Siko nasikia birika."

Niliwaza moyoni kwamba masikio ya tata yamechoka. Miaka yote ile karibu na mashine za kusaga mawe, nani angebaki na masikio? Nikamshukuru, nikabadilisha kondensa ya tatu. Na juma lile Mama Kapinga alipouliza, "Hakuna kitu mu masikio?" nikajibu, "Hakuna, Mama," bila kusema uongo hata kidogo. Kitu kilikuwa kwenye radio.

Kisha alasiri moja mvua kubwa ilikuja kutoka upande wa ziwa la Nzilo, radi ikapiga mahali fulani, na umeme wa mtaa wote ukakatika. Taa ya radio ikafifia, ikafa. Nilisikia majirani wakisema "ooo" kwa pamoja, kama kawaida. Nikavua kaske, nikaiweka mezani.

Filimbi ikaendelea.

Nikaangalia radio. Nikachomoa waya wake ukutani, ingawa hakukuwa na umeme. Nikachomoa antena pia. Kisha nikaziba masikio kwa vidole, na filimbi, badala ya kupungua, ikawa peke yake, safi kabisa, kama kituo kilichosafishiwa hewa. Nilikaa hivyo, vidole masikioni, mvua ikinyesha bila kelele.

Kesho yake nilifika dispensari kabla ya mlango kufunguliwa, nikishika kuta.

"Mama," nikamwambia Mama Kapinga, "kuko kitu mu masikio."

"Tangu lini?"

"Ni siku mingi. Nilizani ni radio."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, nami nikacheka naye, kwa maana hata mi niliona inachekesha. Kisha akaacha, akaiweka sindano kwenye sinia bila kunichoma. "Kila juma nakuulizaka, mutoto yangu," akasema polepole. "Enda kwa munganga. Leo hii. Na tata yako akuje."

Munganga, yaani daktari, alikuwa kijana kidogo, koti jeupe juu ya abakosi, ile suti isiyo na tai. Tulimsubiri asubuhi nzima, tata na mimi, tata akiwa bado na nguo za kazi. Tulipoingia, munganga alivua saa yake ya mkono akaishika nyuma ya sikio langu. "Sema ukiisikia." Nikasubiri aisogeze. Nikaendelea kusubiri, nikimwangalia tata, na kwa uso wa tata nikajua kwamba ilikuwa imekwisha kusogezwa.

"Ni ile shindano ya kila asubuhi," munganga akasema, akiwa na maana ya sindano. "Inaponesha kifua, lakini kwa bantu bamoja inakula masikio. Tukiendelea, inaweza kuyamaliza."

"Na mukiacha?" tata akauliza.

"Kama makohozi bado iko na ugonjwa, kuacha ni mubaya."

Sauti ya tata ilijaa chumba, na najua benchi zima nje lilimsikia. "Munganga, endelea na shindano. Kiziwi anakulaka bukari. Mufu hakulaka."

Mi nikasema, "Tata, na radio?"

"Radio?" Akanigeukia. Nilidhani atanigombeza. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Mi pia nilikuwa napenda kusikia bandege asubuhi. Siko nabasikia tangu zamani. Niko hapa. Niko nakula, nilikuzaa wewe. Unasikia?"

Sikuwahi kujua kwamba alipenda ndege. Nilikuwa nimeishi naye miaka yote, nikimcheka kwa sauti yake kubwa, na siku ile ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa ananiita kwenye maisha anayoyajua yeye. Ila mi niliyataka yote mawili, kifua na masikio, na umri wangu haukuwa wa kuchagua.

Munganga akakata shauri. Nitoe makohozi tena. Sindano isimame mpaka majibu yatoke. Yakiwa safi, basi, vidonge vitamaliza kazi. Yasipokuwa safi, turudi tuongee. Akanipa kikopo kingine.

Siku zile za kungoja ndizo mbaya kuliko zote, na sitakudanganya. Sikuweza kumwambia Tata wa Kamina, kwa sababu sikuigusa radio. Mama alileta chakula dirishani na safari hii hakusimama nyuma; aliegemea ukuta upande wa nje, mi upande wa ndani, tukakaa tu. "Unanisikia?" aliuliza kila mara. "Niko nakusikia, Mama." "Basi." Baada ya muda, tena: "Unanisikia?"

Siku ya majibu tata aliomba ruhusa kazini, jambo ambalo hakulifanya hata dada alipoolewa. Tuliketi mwisho wa benchi, kwenye ule mguu mfupi. Mama Kapinga alitoka na karatasi nyingi, akaita huyu, akaita yule. Alipotufikia hakuita. Alikuja mpaka mbele yetu, akainama ili midomo yake iwe mbele ya macho yangu na karibu na masikio ya tata.

"Safi," akasema.

Tata akauliza, "Amesema nini?"

"Safi, Tata," nikamwambia kwa nguvu, na benchi lote likatikisika, kwa kuwa yule mtu wa mbele alipiga makofi, hatukumjua hata jina. Njiani tata alinunua samaki mkubwa wa Nzilo, akambeba mkononi bila kumfunga, mkia ukigonga mguu wake mpaka nyumbani.

Vidonge viliendelea majira yote ya baridi. Kinywa kilikuwa na ladha ya sarafu. Vumbi la mgodi wa Mutoshi lilikuja na upepo, nami nikalala nimefunga madirisha, nikinenepa polepole. Nililiacha lile tundu jipya la mshipi, kisha nikaliacha na la zamani. Kuta niliziachilia moja baada ya nyingine. Kwanza nilivuka uwanja bila kushika kitu, halafu barabara. Ruhusa ilipotoka, dada aliniletea mtoto nimbebe, na alikuwa mzito ajabu, ama mi nilikuwa mwepesi. Filimbi nayo ikaanza kushuka. Haikuondoka. Ilisogea nyuma, kama mgeni aliyeelewa kwamba hapewi chakula.

Lakini radio sikuiwasha. Watu walidhani nimechoka nayo. Ukweli ni kwamba ikiwa imezimwa iliweza bado kuwa na kila sauti ndani yake. Nikiiwasha ningejua. Mama, yeye aliyeulaumu ule waya, ndiye aliyenitoa. Aliingia na kitambaa, akaifuta vumbi.

"Itaota buyoga hii," akasema.

"Mama, naogopa."

"Eee, ogopa. Lakini uogope ukiwa umekaa hapa, mbele yake." Akakivuta kiti, akaondoka.

Ilikuwa alasiri ya joto, kabla ya mvua mpya, na vidonge vilikuwa vimekwisha. Niliiwasha. Lampu za ndani zikapata joto. Nikavaa kaske. Ule mlio wa hewa, unaofanana na mafuta yanayokaanga, ulikuwapo, ila ulikuwa mzito, umekatwa juu. Nikatafuta vituo taratibu. Mahali nilipozoea kupata sauti nyembamba hapakuwa na kitu, na niliumia. Kisha nikakumbuka kwamba kitufe kidogo cha kuzungusha, kilicho pembeni, kinashusha sauti, kinaifanya nene. Zamani sikukihitaji. Nikakishusha mpaka Morse ikawa kama mtu anayepiga mlango kwa ngumi, na hapo, chini kabisa ya kelele, nikaisikia. Kila mtu ana mkono wake wa kubonyeza, na mkono ule ningeujua hata katika kifo. Alikuwa ananiita mi.

Nikajibu. Akaja mbio, maneno yakigongana, na nusu yalinipita. Zamani hayakunipita.

Kati yetu watu wa hewani, ukikosa neno unaomba lirudiwe, na hakuna anayekuuliza sababu. Inaweza kuwa radi, inaweza kuwa umbali, inaweza kuwa masikio. Aliyeombwa anarudia tu, taratibu zaidi. Sasa nafanya hivyo hata mtaani, hata sokoni, na wewe pia ufanye, ukifika huko. Na muuguzi akikuuliza habari za masikio, zima kwanza kila kitu nyumbani kwako, usikilize, ndipo umjibu.

Nikamwomba arudie. Kisha Tata wa Kamina akaanza tena, herufi kwa herufi, taratibu, kama mtu anayemvusha mwenzake mto juu ya mawe: NILIKUITA KILA ALASIRI.

Nikauweka mkono kwenye kidude, nikamjibu kwamba nimesikia.